Rupia Iliyooshwa Kisha Ikapikwa

Hapo zamani, si ile zamani ya fisi kuoa binti wa watu, ni zamani hii ya karibu, yenye stesheni na sanduku la posta, palikuwa na rupia moja ya fedha mjini Tabora. Rupia yenyewe ilikwisha kufa siku nyingi. Ukienda nayo dukani hupewi hata kiberiti. Imekufa, lakini haijazikwa, na nyinyi mnajua maiti asiyezikwa anavyowasumbua walio hai. Basi tegeni sikio, na anayetafuna atafune polepole.

Rupia ilikuwa ya bi kizee mmoja akiitwa Bi Nyamizi. Baba yake alikuwa mpagazi enzi za Wajerumani, akalipwa rupia hiyo kwa mzigo alioubeba mpaka bega likaota sugu. Hakuitumia. Aliichimbia chini ya mafiga, na juu yake moto ukawaka miaka na miaka, ugali baada ya ugali.

Bi Nyamizi aliishi na wajukuu wawili. Mkubwa ni Mrisho, mrina asali, mtu ambaye ukimwuliza jambo leo anakujibu keshokutwa. Mdogo ni dada yake, na huyu ndiye tutakayemfuata nyuma, aendako twende. Aliitwa Sikujua. Msicheke, ni jina, na wenye jina hilo wapo wengi.

Sikujua alikuwa ameachika. Alirudi kwa kaka yake na sanduku moja, akawa analala jikoni kwa bibi yake. Kazi yake ilikuwa kung'arisha vyombo vya watu: masinia ya shaba, mabirika, vyetezo vya harusi. Alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa hospitali, hakuweza kuona doa akalipita. Majirani walisema Sikujua akikosa cha kuosha ataosha mkaa. Mrisho hakumsema kwa lolote, lakini Mrisho alikuwa anatafuta mchumba, na kila mchumba aliyekuja kuchungulia nyumba alimwona wifi kajaa jikoni na sanduku lake, akaenda zake. Hilo lilimchoma Sikujua kuliko talaka yenyewe.

Sasa, mwaka wa mvua nyingi jiko la zamani likabomoka. Mrisho akafukua tope siku tatu mpaka akaipata rupia ya babu. Akaja mtu akataka kuitoboa aitie kwenye kidani, Mrisho akasema hapana. Akaja mtu akataka kuiyeyusha afanye pete, Mrisho akasema hapana. Akaja mtu akataka kuishonea ndani ya hirizi, Mrisho akasema hapana, na kwa kuwa hayo yalikuwa maneno matatu kwa wiki moja, akachoka. Akaitia rupia ndani ya pembe ya mbuzi, akaizibia na nta, akaitundika ukutani.

Kisha akasikia habari za Bwana Tamimu. Huyu alikuwa mkusanyaji wa sarafu za kale, tena ndiye mwenye safu ya vyumba vya maduka pale stesheni. Mrisho akamwandikia barua. Alipokwisha kuiposta akafunga safari kwenda porini kwenye mizinga yake, bila kumwambia mtu lolote zaidi ya kwaheri.

Jibu likaja yeye hayupo. Sikujua akaifungua barua, akamsomea bibi yake mlangoni: "Ndugu Mrisho, salamu. Nitakuja Jumamosi kuitazama rupia yako. Nikiikuta safi nitatoa chumba kimoja cha duka, kiwe mali yenu. Zingatia hilo, iwe safi. Wako, Tamimu."

"Amesema safi mara ngapi?" akauliza Bi Nyamizi.

"Mara mbili, Bibi."

"Basi huyo ametoka nyumba inayojua usafi. Hebu itoe tuione."

Sikujua akabandua nta, akaitoa. Jamani, ilikuwa nyeusi kama sufuria la msibani. Ukiishika unaiachia alama ya kidole, na kidole kinaondoka na masizi. Sikujua akaitazama, na moyo wake ukaenda mbio, maana alikiona chumba. Chumba chenye mlango wa barabarani. Mbele masinia ya watu yanang'aa, nyuma sanduku lake na kitanda chake, na hakuna mchumba wa mtu wa kuja kumchungulia.

"Mke mwenzangu," bibi akamwambia, maana ndivyo bibi na mjukuu wanavyoitana, "hicho tutamwonyesha mgeni? Atadhani tumempa kifuniko cha chungu. Kioshe."

Kuambiwa Sikujua aoshe ni kumwambia kuku adonoe. Akaiosha kwa sabuni, rupia ikabaki nyeusi. Akaisugua kwa majivu na ndimu, rupia ikabaki nyeusi. Akailaza ndani ya ukwaju, ukwaju ukawa mweusi na rupia ikabaki nyeusi. Akajifunga kanga akaenda kwa sonara wa sokoni, akapewa dawa ya kuchovya ndani ya chupa ya soda.

"Dawa hii ni kali," sonara akamwambia. "Chovya, hesabu mpaka tano, toa, suuza kwa maji mengi. Ukizidisha, shauri yako."

Sikujua akarudi nyumbani akiwaza. Tano ni za pete ya juzi. Hii ina weusi wa tangu Mjerumani, tano itazisikia? Akamimina dawa bakulini, ikanuka mpaka macho yakamtoka machozi, akaitumbukiza rupia, akahesabu tano mara tano. Alipoitoa ilikuwa nyeupe. Si nyeupe ya fedha mnayoijua, nyeupe tupu, kama kijiko kipya cha dukani. Yule mzungu wa kwenye rupia, aliyefunikwa na masizi tangu baba yake Bi Nyamizi akiwa kijana, akatokeza na kofia yake na masharubu yake, amekasirika. Majirani wakaja kutazama, wakampa mkono. Kitu kimoja tu kilimsumbua Sikujua. Chini kabisa, karibu na mwaka ulioandikwa, palikuwa na kidude kidogo kama yai la chawa. Alikisugua kwa kucha, hakikutoka. Alikisugua kwa pembe ya kanga, hakikutoka.

"Bibi," akasema kwa unyonge, "kuna kidoa kimoja kimenishinda."

"Kiache. Hata mwezi una doa."

Alhamisi Mrisho akarudi, ameumwa na nyuki shingoni, debe la asali begani. Sikujua akamletea rupia juu ya kisahani, kama unavyomletea mtu halua. Mrisho akaitazama. Akalitua debe. Akalikalia.

"Nani aliwaambia muioshe?"

"Mwenyewe, kaka. Soma barua. Safi, mara mbili."

Mrisho akasoma, akaikunja barua, akaikunjua akasoma tena. Mwisho akasema, "Dada yangu, mteja akija hapa akataka asali safi, huwa unaiosha?"

Sikujua akakiweka kisahani chini.

"Asali safi ni ile isiyoguswa. Haikutiwa maji, haikutiwa sukari. Na hawa watu wa sarafu safi yao ni hiyo hiyo. Rangi ya umri ndiyo wanayoitaka. Ukiichovya dawa, hawaitazami mara ya pili."

"Mbona hukutuambia kabla ya kuondoka?"

"Hamkuniuliza," akasema Mrisho.

Sikujua akatoka uani akalia. Alilia kwa uchungu wa kweli, maana alikuwa amekwisha kulipanga sanduku lake ndani ya kile chumba, na sasa ni mikono yake mwenyewe iliyolitoa nje.

Katika kulia huko akaingia Pazi. Pazi alikuwa Mzaramo, muuza mayai ya kuchemsha pale stesheni, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu misafara ya mababu. Mtani hapigi hodi. Mtani hucheka msibani na hakuna wa kumkataza, na akichukua kitu chako humpeleki popote. Pazi akatua beseni lake la mayai akasema, "Wanyamwezi wanalia mchana kweupe. Nani kafa, nile wali?"

Wakamweleza. Akacheka mpaka mayai yakagongana. Kisha akanyoosha kidole, akawaonyesha pete yake.

"Itazameni hii. Pete ya fedha, mama yangu alinipa ikiwa nyeupe. Sasa ikoje?"

"Nyeusi," akasema Sikujua.

"Ni mayai. Kila yai moto ninalomenya linaniachia weusi wake. Basi kama mayai yanaiharibu pete yangu bila kuambiwa, rupia yenu yatashindwaje yakiombwa?"

"Huo ni udanganyifu," akasema Mrisho.

"Haya ni mapishi," akasema Pazi.

Mrisho akafungua mdomo ajibu, lakini mnamjua, jibu lake lilikuwa bado liko njiani Pazi alipokwisha kuwasha moto. Akachemsha mayai kumi na mawili, ya biashara yake mwenyewe. Akayaponda yakiwa moto ndani ya kopo la maziwa, akaining'iniza rupia kwa uzi juu yake, akafunika. Ijumaa asubuhi rupia ilikuwa na rangi ya asali. Mchana ikawa ya kahawia. Magharibi ikawa na weusi mwembamba, wenye buluu pembezoni, mzee na mwenye adabu zake. Sikujua aliishika kwa pembe ya kanga, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akamwomba Mungu doa lisitoke.

"Bibi," Pazi akamwambia Bi Nyamizi, "kesho wewe ni bubu."

"Nimefika umri huu sijawahi kuwa bubu," akasema bibi. "Lakini nitajaribu."

Jumamosi Bwana Tamimu akaja. Mtu mwembamba, kanzu imepigwa pasi, kioo cha kukuzia kimefungwa shingoni kwa kamba ya kiatu. Akanawa mikono kabla ya kushika, akatandika kitambaa gotini, akaipokea rupia. Akaigeuza huku. Akaigeuza huku. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akatoa kioo chake. Mara akakifuta kioo kwa kanzu, akatazama tena.

"Kinyota hiki," akasema. "Hapa chini ya mwaka. Mwakijua hiki ni nini?"

Sikujua akataka kusema ni kidoa, Mrisho akamkanyaga mguu.

"Rupia chache mno zilipigwa kinyota hiki, nimekitafuta miaka ishirini na miwili," akasema Bwana Tamimu. Akaisogeza rupia karibu na uso, akanusa, akakunja pua. "Mbona inanuka yai?"

"Ni mimi, bwana," akadakia Pazi. "Nauza mayai. Hata mke wangu amenihamishia mkeka mwingine."

Bwana Tamimu akacheka. Akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akauweka mkekani. Sikujua aliuona kwa macho yake, ulikuwa mbali naye kiasi cha mkono mmoja. Moyoni alikwisha kutandika kitanda.

"Mwanangu, subiri," akasema Bi Nyamizi.

Pazi akakohoa. Mrisho akakohoa. Sikujua naye akakohoa, nyumba nzima ikashikwa na kifua. Bibi akawangoja wamalize.

"Rupia hiyo imeoshwa," akasema. "Na ilipokwisha kuoshwa, ikapikwa. Nisamehe, lakini nina miaka michache ya kuishi, siwezi kuimaliza nikiwa nimefumba mdomo."

"Nani aliiosha?"

"Sikujua."

"Hukujua vipi, Bi mkubwa, nawe uko hapa hapa?"

"Sikujua ndiye aliyeosha, huyu mjukuu wangu. Na aliyemtuma aoshe ni mimi."

Bwana Tamimu akauokota ufunguo wake, akaurudisha mfukoni. Akakunja kitambaa nusu. Kisha akaitazama tena ile nyota, na kitambaa kikamwanguka.

"Nisikilizeni," akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira wala ya furaha. "Rupia za namna hii ninazo arobaini nyumbani. Ningeikuta hii na masizi yake, nyota nisingeiona, ningesema ni ya arobaini na moja, nikarudi zangu. Ningeikuta nyeupe, kioo nisingekitoa shingoni. Nimetoa kioo kwa ajili ya weusi wa mayai, na nimeiona nyota kwa ajili ya dawa. Na ningekwenda nayo nikagundua kwangu baada ya mwezi, ningerudi na askari. Na hayo yote yasingekuwapo kama ingeyeyushwa ikawa pete kidoleni mwa mtu, kama nyingi zilivyoyeyushwa."

Akaokota kitambaa chake, akaifunga rupia ndani yake.

"Nyota ni nyota. Naichukua, na chumba natoa. Lakini natoa kwa mtu mmoja. Chumba cha ushirika nilikitoa zamani kwa ndugu wanne, mpaka leo wanagombea kufuli. Ijumaa fundi wangu wa rangi atakuja kuandika jina juu ya mlango. Akikosa la kuandika, atanirudishia ufunguo." Akaaga, akaenda zake na rupia.

Sasa sikilizeni walivyoanza, na kwa mara hii moja Mrisho ndiye aliyetangulia.

"Ni mimi niliyefukua tope siku tatu. Ni mimi niliyesema hapana mara tatu. Ni mimi niliyeandika barua. Bila mimi hamna cha kuosha wala cha kupika. Nataka mahali pa kuuzia asali yangu, na nataka kuoa kabla nyuki hawajanimaliza."

"Na ni wewe uliyejua maana ya safi ukaenda nayo porini," akasema Pazi. "Maneno matano yangetosha. Mimi nilikuta maiti nikaifufua, kwa mayai yangu kumi na mawili. Jua la stesheni linanipiga, mvua inaninyea, na kwa utani ningeweza kumfuata yule bwana nikauchukua ufunguo na msinifanye kitu. Sikuuchukua. Nataka nipewe kwa haki."

"Haki gani ya mwongo?" akasema Bi Nyamizi. "Mapishi yako yangetupeleka kwa hakimu. Mimi ndiye niliyesema kweli ufunguo ukiwa tayari uko mkekani. Ni nani kati yenu angeweza? Tena rupia ni ya baba yangu, bega lililobeba ni lake. Nimekaa nyuma ya jiko hili tangu utoto wangu. Nataka kukaa mlango wa barabarani, nione watu wakipita, kisha nife."

"Bibi, ulisema kweli, lakini ulikubali kwanza kuwa bubu," akasema Mrisho. "Tena wewe ndiye uliyetuma iende bakulini."

Ikabaki zamu ya Sikujua. Alikuwa amekaa karibu na sanduku lake, mikono bado imebabuka kwa ile dawa.

"Mimi nilikosea," akasema. "Sonara alisema tano, nikahesabu ishirini na tano. Sikatai. Lakini ile nyota ilikuwa chini ya masizi tangu siku za babu, na kila mtu aliishika, na hakuna aliyeiona. Aliyeitoa ni mimi. Kaka, wewe usipopata chumba una nyumba. Bibi, wewe una sisi. Pazi, wewe una mke, hata kama kakuhamishia mkeka. Mimi nina nini? Ninalala kwenye majivu ya watu, na kila mchumba wa kaka akiondoka najua ameondoka kwa ajili yangu. Lakini msinipe kwa huruma. Nipeni kwa nyota, au msinipe."

Bi Nyamizi akafuta macho, lakini hakusema chukua. Mrisho akatazama chini, lakini hakusema chukua. Pazi alitaka kufanya mzaha, ukamkwama, na yeye pia hakusema chukua.

Jumapili wakabishana. Jumatatu wakabishana. Jumanne majirani wakaingia, penye wengi pana mengi, ndiyo ikaharibika kabisa. Wengine wakasema chanzo ndicho kikubwa, apewe Mrisho. Wengine wakasema kweli ndiyo kubwa, apewe bibi. Vijana wa stesheni wote wakawa upande wa mayai. Wanawake waliowahi kulala jikoni kwa kaka zao hawakusema sana, walikwenda tu wakakaa karibu na Sikujua.

Leo ni Ijumaa. Fundi wa rangi amekwisha kuegemeza ngazi, ufunguo uko mfukoni mwake, brashi iko mkononi. Wanne wote wamesimama chini yake, na kila mmoja anamtazama mwenzake. Fundi ameuliza mara moja, "Niandike nani?" Hakujibiwa. Ameuliza mara ya pili, na ameshuka kipago kimoja.

Nami nimeombwa niwaulize nyinyi. Mmoja aliitunza akaficha maana yake. Mmoja aliiharibu akaifichua nyota. Mmoja aliipika kwa uongo ikatazamika. Mmoja aliisema kweli baada ya kukubali kuinyamazia. Je, nani anastahili chumba? Semeni upesi, rangi inakauka.